Nyuki mkali na nyuki mpole: je, mtoto wa nyoka ni nyoka?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tuzungumze habari za nyuki. Najua mnaposikia mwalimu wa madrasa anataja nyuki, mnatarajia Surat An-Nahl na faida za asali. Hayo tumeyasoma mara nyingi na tutaendelea kuyasoma inshaallah. Leo nimekuja na historia: namna wanadamu walivyokuja kufahamu kwa nini nyuki mmoja ni mkali na mwingine ni mpole. Kwanza niwaeleze kwa nini jambo hili limenigusa mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa, mgomvi kupita kiasi. Wiki haikupita bila ya kumpiga mwenzake. Baba yake naye alijulikana mtaa mzima kwa ngumi zake. Siku moja mtoto yule alimpasua mwenzake mdomo kwa ubao wa kuandikia. Mama yake alipoitwa, nikamwambia mbele ya mtoto, "Mama, tutafanyaje? Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Yule mama hakukasirika. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ustadh, si wewe uliyetuambia kwenye mkutano wa wazazi kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo? Sasa nishike lipi?"

Sikuwa na jibu. Methali zote mbili ni za wazee wetu, zote tunazitumia kila siku, na ukiziweka pamoja zinagombana. Moja inasema asili haibadiliki, nyingine inasema malezi ndiyo kila kitu. Nyuki wamewafanya wataalamu wahangaike na swali hili hili kwa miaka mingi, na safari yao mojawapo ilianzia huku kwetu Afrika.

SAFARI YA MWAKA 1956

Bara la Amerika halikuwa na nyuki wa asali kama hawa wetu. Lilikuwa na nyuki wadogo wasiouma, na hawa wakubwa walipelekwa na Wazungu kutoka Ulaya. Katika nchi za joto kama Brazil nyuki wa Ulaya hawakustawi vizuri. Mwaka 1956 mtaalamu wa jeni wa Brazil, Warwick Estevam Kerr, alikuja Afrika kutafuta nyuki waliozoea joto. Aliondoka na malkia, wengi wao kutoka Afrika Kusini na wachache kutoka Tanganyika. Nia yake ilikuwa kuwachanganya na nyuki wa Ulaya ili apate kizazi chenye asali nyingi na upole pia.

Mizinga yake aliiweka karibu na mji wa Rio Claro, katika jimbo la São Paulo. Milango iliwekewa vizuizi vyenye matundu madogo: nyuki kibarua anapita, malkia hapiti. Mwaka 1957 vizuizi hivyo viliondolewa, na makundi 26 yakahama na malkia wao, yakaingia porini.

Kilichofuata ni habari iliyoandikwa na magazeti ya dunia nzima. Nyuki wale walichanganyika na nyuki wa Ulaya, lakini asili ya Kiafrika ikabaki na nguvu. Walisonga mbele mamia ya kilomita kila mwaka, wakavuka Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka 1990 wakafika Texas, Marekani. Magazeti yakawapa jina la "nyuki wauaji".

Jina hilo liliwatisha watu kuliko lilivyowafundisha. Sumu ya nyuki wa Afrika haina nguvu zaidi ya sumu ya nyuki wa Ulaya. Tofauti ni kwamba wanaghadhibika upesi, wanatoka wengi kwa pamoja, na wanamfukuza adui mbali zaidi. Wenzetu wanaolina asali wanalijua hilo bila ya kuambiwa na gazeti.

Kwa nini wawe hivyo? Nyuki wa Afrika ana maadui wengi. Yuko nyegere anayevunja mzinga, wako siafu, na yuko binadamu ambaye tangu zamani amefika na moto na shoka. Kundi lililozubaa liliangamia, kundi lililojilinda likaacha kizazi. Ulaya mambo yalikwenda vingine. Huko adui mkubwa wa nyuki ni baridi, na wafugaji kwa karne nyingi waliwapendelea nyuki wapole. Vizazi vikapita, kila upande ukawa na tabia yake.

Hapa ungesema basi, mtoto wa nyoka ni nyoka, kesi imekwisha. Kabla ya kuifunga, turudi nyuma tuangalie jambo jingine ambalo nyuki walikuwa wamekwisha kulifundisha.

MFALME ALIYEKUWA MALKIA

Kwa muda mrefu watu waliona katika mzinga nyuki mmoja mkubwa ambaye wote humfuata, wakadhani ni dume. Aristotle, Mgiriki, alimwita mfalme. Waarabu wa zamani nao walimwita yaasub, na katika vitabu vyao vya wanyama ndiye mfalme wa nyuki. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler aliandika kitabu kizima akitetea kwamba mtawala wa mzinga ni jike. Katika karne hiyo hiyo Jan Swammerdam wa Uholanzi alimpasua nyuki huyo, akaona ndani yake ovari zilizojaa mayai. Mfalme akawa malkia.

Katika karne ya 18 likaja jambo la kushangaza zaidi. Mjerumani Adam Schirach aligundua kwamba ukiwanyang'anya nyuki malkia wao na kuwaachia majana machanga ya vibarua, yaani watoto wa nyuki wakiwa bado buu, watamlea mmoja wao awe malkia. François Huber wa Geneva akalithibitisha katika kitabu chake cha mwaka 1792. Huber alikuwa kipofu. Macho yake yalikuwa ya msaidizi wake, François Burnens, aliyefanya majaribio kwa mikono yake na kumsimulia kila alichokiona.

Fikirini maana yake. Malkia anatoka kwenye yai la namna ile ile linalomtoa kibarua. Malkia hukomaa kwa siku 16, kibarua kwa siku 21. Malkia aweza kuishi miaka kadhaa na kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku, kibarua wa msimu wa kazi huishi wiki chache na kwa kawaida hatagi. Tofauti yote hiyo inaanzia kwenye chakula na chumba. Majana yote hupewa mwanzoni ute mweupe unaotoka katika tezi za kichwani mwa nyuki walezi, ambao huitwa maziwa ya nyuki. Mtoto wa kibarua baada ya siku kama tatu hubadilishiwa chakula, akachanganyiwa asali na chavua. Mtoto wa malkia huendelea kupewa maziwa yale kwa wingi, tena ndani ya chumba kikubwa.

Hapa ungesema kinyume chake: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kesi imekwisha. Kumbe bado.

JENI ZINAZOWASHWA NA KUZIMWA

Wanafunzi wa sekondari wanajua kwamba jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila chembe hai, ambayo kiumbe huyarithi kwa wazazi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Chukua mfano wa darasani kwetu. Kitabu ni kimoja, kipo rafuni. Wanaoanza wanafungua kurasa za mwanzo, wakubwa wanafungua za mwisho. Ukiingia ukaona wanasoma vitu tofauti usiseme wana vitabu tofauti. Jeni nazo zina vidhibiti vinavyoziwasha, kuzizima, au kuzipandisha na kuzishusha, kama mtu anavyopandisha na kushusha utambi wa taa.

Mwaka 1999 Jay Evans na Diana Wheeler walionyesha kwamba jana linaloelekea kuwa malkia na lile linaloelekea kuwa kibarua huwasha jeni tofauti. Mwaka 2003 Charles Whitfield na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipima utendaji wa jeni katika ubongo wa nyuki vibarua. Kibarua huanza maisha yake akilea majana ndani ya mzinga, kisha akikua hutoka nje kutafuta chakula. Katika jeni kama 5,500 walizozipima, asilimia 39 zilitofautiana utendaji kati ya mlezi na mtafuta chakula. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba kwa kuangalia ubongo peke yake, waliweza kutambua kazi ya nyuki 57 kati ya 60.

Mwaka 2006 orodha nzima ya vinasaba vya nyuki wa asali ilichapishwa. Miaka miwili baadaye watafiti wa Canberra, Australia, waliishusha katika majana jeni inayosaidia kutia alama za kemikali juu ya vinasaba. Majana hayo yalikuwa yaelekee kuwa vibarua, lakini asilimia 72 yakatoka malkia wenye ovari kamili. Ilikuwa kana kwamba yamelishwa chakula cha kifalme.

Tusidhani kila kitu kimekwisha kujulikana. Mwaka 2011 Masaki Kamakura wa Japani alitangaza kwamba protini moja ndani ya maziwa ya nyuki ndiyo inayomfanya malkia. Mwaka 2016 watafiti wengine wakapinga, wakaonyesha kwamba malkia hupatikana hata bila ya protini hiyo. Elimu ndivyo inavyokwenda: mtu husema, mwenzake hupima tena.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linahusu asili ya maisha ya pamoja. Aina za nyuki duniani zinazidi 20,000, na nyingi kati ya hizo hazina mzinga wala malkia, kila jike hujichimbia shimo lake na kulea watoto wake peke yake. Mwaka 2015 Karen Kapheim na wenzake walilinganisha vinasaba vya aina 10 za nyuki, kuanzia wanaoishi peke yao hadi wenye jamii kubwa. Hawakukuta jeni fulani moja inayoleta ujamaa katika aina zote. Walichokiona ni kwamba kadiri maisha ya pamoja yalivyozidi katika historia ya nyuki, ndivyo udhibiti wa jeni ulivyozidi kuwa na mapana. Ukoo wa nyuki haukuhitaji kitabu kipya kabisa ili ujifunze kuishi pamoja. Ulijenga njia nyingi zaidi za kukisoma kile kilichopo.

HARUFU YA NDIZI MBIVU

Sasa turudi kwa nyuki wetu wakali. Nyuki anapouma hutoa harufu ya hatari inayowaita wenzake. Kemikali kuu iliyomo inanukia kama ndizi mbivu, na ndiyo maana wafugaji hushauriana wasile ndizi karibu na mzinga. Moshi tunaoutumia kulina asali nao husaidia kuifunika harufu hiyo.

Mwaka 2009 Cédric Alaux, pamoja na Gene Robinson wa Illinois na wenzao, walichapisha utafiti ambao kwangu mimi ndio ulionijibu swali la yule mama. Walipima jeni za ubongo kwa kulinganisha mara tatu. Kwanza, nyuki wenye asili ya Afrika na nyuki wa Ulaya: hiyo ni tofauti ya kurithi. Pili, nyuki wa Ulaya walionusishwa harufu ya hatari na wenzao ambao hawakunusishwa: hiyo ni tofauti ya mazingira. Tatu, nyuki wazee na nyuki vijana, maana nyuki kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi ukali: hiyo ni tofauti ya umri.

Walipata orodha tatu za jeni. Walipoziweka pamoja, jeni nyingi zilijirudia katika orodha zote, kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati tu. Ubongo wa nyuki mpole wa Ulaya, akishanusa harufu ya hatari, unafanana zaidi na ubongo wa nyuki wa asili ya Afrika.

Maana yake ni hii. Kitu kinachomfanya nyuki mpole akasirike kwa muda mfupi, na kitu kinachomfanya nyuki wa Afrika awe mwepesi wa hasira maisha yake yote, vinapita mlango mmoja. Watafiti wakaona kwamba mabadiliko ya vizazi kwa vizazi huenda yalifanya kazi kwenye vidhibiti vya jeni zile zile zinazoitikia harufu ya hatari. Kwa nyuki wa Ulaya utambi uko chini mpaka harufu ije iupandishe. Kwa nyuki wa Afrika utambi umekaa juu tangu mwanzo.

Kwa hiyo asili na malezi si maadui wawili wanaovutana mtoto, huyu mkono huu na yule mkono ule. Wote wawili wanashika utambi mmoja.

KISIWA CHA WAPOLE

Kuna sehemu moja zaidi ya historia hii, nayo iko Puerto Rico, kisiwa cha Bahari ya Karibi. Nyuki wenye asili ya Afrika walifika huko mwaka 1994. Kisiwa ni kidogo na watu wamebanana, kwa hiyo ungetarajia balaa. Lakini haikuchukua vizazi vingi vya wanadamu, wala hata kimoja: ndani ya miaka isiyozidi 20 watafiti waliwakuta nyuki wale wamekuwa wapole karibu na nyuki wa Ulaya, huku vinasaba vyao vikiendelea kuonyesha asili yao ya Afrika. Inadhaniwa kwamba watu waliharibu zaidi makundi makali, na wapole wakabaki kuzaa.

Mwaka 2020 Arián Avalos na wenzake walichapisha walichokiona kwa nyuki wa kisiwa hicho. Walisoma vinasaba vya nyuki mmoja mmoja, wakatafuta ni jeni zipi zinazomfanya huyu awe mlinzi mkali na yule awe mpole ndani ya mzinga mmoja. Hawakupata. Kisha wakaangalia mizinga kwa ujumla, na hapo wakapata uhusiano mkubwa: ukali wa mzinga ulikwenda na wingi wa aina fulani za jeni miongoni mwa wakazi wake wote. Kwa maneno mengine, ukitaka kujua ukali wa nyuki, kuwajua anaoishi nao kunasaidia kuliko kumchunguza yeye peke yake.

TUNAJIFUNZA NINI

Binadamu si nyuki, na asije mtu akasema ustadh kafundisha kwamba watoto wetu ni wadudu. Nyuki hana akili ya kuchagua kama tulivyopewa sisi, wala hatahesabiwa kwa matendo yake kama tutakavyohesabiwa. Lakini kama hata kwa mdudu huyu mdogo hatuwezi kusema "kazaliwa hivyo, basi", tunapata wapi ujasiri wa kulisema hilo kwa mtoto wa miaka tisa?

Kwanza, asili ipo, tusiikatae. Kuna mtoto anazaliwa na utambi ulio juu. Mzazi mwenye mtoto kama huyo asilaumiwe kila siku kwamba hajui kulea.

Pili, asili kuwapo hakumaanishi mlango umefungwa. Harufu ya hatari ilifika pale pale ilipo asili. Nyumba yenye makelele na matusi kila jioni inamnusisha mtoto harufu hiyo kila jioni.

Tatu, tusimtazame mtoto peke yake, tuutazame mzinga. Mara nyingi tunamwita mtoto mgomvi na kumkalisha kona, bila ya kuuliza anakaa na nani, analala wapi, na sisi walimu tunamsemesha vipi.

Mtoto yule nilimhamisha, nikamkalisha na vijana watatu wakubwa watulivu, nikawaambia ni ndugu yao mdogo. Nami nikajizuia kumpigia kelele mbele ya wenzake. Sisemi amekuwa malaika. Hasira yake bado iko karibu, ila siku hizi anapoona inakuja hutoka nje kwenda kunawa uso, kisha hurudi.

Mama yake nilimwomba radhi. Akaniuliza, "Sasa ustadh, tushike methali ipi?" Nikamwambia tushike zote mbili, ila ile ya nyoka tusiitamke tena mbele ya mtoto.